Jaribio la kilimo hai shambani likienda kombo: dalili, vyanzo na hatua za kuchukua

Mkulima anayejaribu mboji, matandazo au dawa ya mwarobaini kwenye shamba lake huwa na swali moja: je, mbinu hii inanifaa mimi, kwenye udongo wangu na kwa mvua yangu? Msimu ukiisha bila jibu, lawama huiangukia mbinu. Kwa muda ambao nimezunguka na vikundi vya wakulima wa Misungwi, Magu na Sengerema, wilaya za mkoa wa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, malalamiko yanayonifikia yamekuwa yaleyale, na mara nyingi chanzo kimekuwa mpangilio wa shamba, daftari au mizani, huku mboji yenyewe ikiwa haina kosa. Maelezo haya yamepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi pamoja na ukaguzi usiogharimu kitu, kisha nikashuka hadi kwenye vyanzo adimu na marekebisho yanayohitaji fedha au mtaalamu.

Maneno machache yatajirudia. Kipande ni eneo dogo lililopimwa na kupewa mbinu moja. Kipande cha kulinganishia ni kile kinacholimwa kwa desturi ya mkulima bila mbinu mpya. Kundi ni vipande vilivyo jirani, kimoja kwa kila mbinu, ambavyo udongo wake unatarajiwa kufanana, na kila kundi jipya linapoongezwa mahali pengine shambani, jaribio linapata rudio jingine. Kwa mahindi nitachukulia kipande cha mistari 6 iliyoachana sentimita 75, yenye urefu wa mita 5, yaani mita za mraba 22.5.

Dalili ya kwanza: vipande vya mbinu moja havifanani

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Samadi ya upande wa juu haikuonyesha chochote, samadi ya upande wa chini imezaa ajabu, na kikundi kimegawanyika kati ya wanaoamini na wasioamini.

Anza na udongo. Katika nchi ya Wasukuma ardhi hubadilika ndani ya hatua mia chache, na wenyeji wana jina kwa kila badiliko. Chini ya majabali kuna mchanga wa chengachenga uitwao isanga, ukifuatiwa na luseni, nao wa kichanga, kisha itogolo yenye tabaka gumu lisilopitisha maji, na bondeni kabisa mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Mwanasayansi Geoffrey Milne aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena mwaka 1935, akitumia miteremko ya Afrika Mashariki, lakini bibi yeyote anayejua wapi apande viazi vitamu na wapi apande mpunga alikuwa anaufahamu kabla yake. Ukipanga vipande vyako kwa mstari mmoja kutoka juu kwenda chini, umelinganisha luseni na itogolo, na samadi imeingia katikati kama mgeni.

Ukaguzi wake hauhitaji maabara. Chimba kwa jembe katika kila kipande hadi kina cha sentimita 30, chukua konzi ya udongo, uloweshe kidogo, kisha uviringishe kati ya viganja hadi uwe kama kamba. Udongo wa kichanga hauwezi kukaa kama kamba kabisa, unakatika ungali mnene. Udongo wa mfinyanzi unakubali kupindwa hata ukawa pete. Andika matokeo ya kila kipande kwenye ramani ya shamba. Vipande vinavyotoa kamba vikiwa upande mmoja na visivyotoa vikiwa upande mwingine, chanzo kimepatikana. Kwa msimu ujao, kila kundi lilale kwa kukingama mteremko, kwenye aina moja ya udongo, na kila mbinu iwemo ndani ya kila kundi. Kwa msimu ambao tayari umepandwa, using'oe kitu: linganisha vipande vilivyo kwenye udongo wa aina moja peke yake, na vile ambavyo havina mwenzake uviache nje ya hesabu huku ukieleza sababu kwenye daftari.

Chanzo cha pili ni historia ya mahali, na hapa nina aibu yangu mwenyewe ya kusimulia. Katika jaribio langu la kwanza kipande kimoja cha mboji kilitoa mahindi yaliyomzidi mtu mrefu kimo, na mimi nikawa wa kwanza kuwaita wakulima waje washuhudie. Mzee mwenye shamba aliwaacha wote wamalize kushangaa, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ulimuuliza nani ng'ombe wa baba yangu walikuwa wanalala wapi?" Nilikuwa nimeweka kipande juu ya zizi la zamani. Rutuba ya zizi hudumu miaka mingi baada ya ng'ombe kuhama, na haionekani kwa macho mpaka mahindi yaiseme. Tangu siku hiyo sipigi kigingi kabla ya kutembea shambani na mtu mzima wa familia na kuuliza palipokuwa zizi, kichuguu kilichosawazishwa, tanuri la mkaa, jalala, njia ya mifugo na mti uliong'olewa. Dakika ishirini zinatosha.

Chanzo cha tatu ni kupanga vipande kwa kupenda. Mbinu mpya hupewa sehemu iliyo karibu na barabara ili wageni waione, na ya kulinganishia husukumwa kule kwenye kivuli cha mkuyu. Dawa yake ni kura: andika majina ya mbinu kwenye vikaratasi, vitie ndani ya kofia, mtoto avute, na kura ipigwe upya kwa kila kundi. Wakulima wengine huona huu ni mchezo, lakini ndio unaozuia mapenzi yako yasiingie kwenye matokeo.

Kisha kuna siku za kazi. Mvua ya vuli ikikatisha upandaji mkiwa mmemaliza vipande vya samadi peke yake, vipande vya kulinganishia vitachelewa kwa siku nne au tano, na mahindi yaliyochelewa hayawezi kushindana. Panda, palilia na punguza miche kwa kumaliza kundi moja zima kabla ya kuanza jingine, na kila mpaliliaji apewe kundi zima, kwa kuwa mikono haifanani.

Mwisho angalia mipaka. Mvua kubwa ya masika husomba samadi kutoka kipande cha juu na kuishusha kwenye kipande cha jirani, hasa pale matuta yalipofuata mteremko. Acha njia ya mita moja kati ya vipande, na wakati wa kuvuna chukua mistari 4 ya katikati, ukiacha nusu mita kila mwisho wa mstari. Hapo eneo la kupima linakuwa mita 3 kwa mita 4, yaani mita za mraba 12. Mistari ya pembeni mkulima aivune na kula bila kuipima.

Simama hapa na tafuta mtaalamu endapo sehemu ya shamba ina ukoko mweupe juu ya udongo, au maji ya mvua yanasimama siku nyingi juu ya udongo mgumu ambao Wasukuma huuita ibambasi. Tatizo la chumvi ya sodiamu halitambuliki kwa kiganja. Chukua udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 kutoka sehemu 10 hadi 15, uchanganye ndani ya ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, upunguze ubaki kama nusu kilo, uanike kivulini, na uulizie upimaji kupitia afisa ugani wa kata au kituo cha Ukiriguru cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kilichopo wilayani Misungwi.

Dalili ya pili: mbinu mpya na desturi zimetoa mavuno yaleyale

Kabla ya kugusa kikokotoo, kagua kama kipande cha kulinganishia kimebaki kuwa cha kulinganishia. Mama mmoja wa Magu, tuliyezoea kumwita Mayu kwa heshima ya umri wake, alinionyesha mahindi ya njano yaliyopona ghafla wiki ya sita. Nilipomuuliza, alijibu bila kuficha, "Bwana shamba, ile mistari ilikuwa inanisikitisha. Watoto wanapita wanaicheka. Nikaipa ndoo mbili tu." Hakuwa amekosea kama mkulima, hakuna anayefurahia kuangalia chakula kikidumaa. Kosa lilikuwa letu tulioweka kipande cha njaa mlangoni pa nyumba yake bila kumweleza kazi yake. Uliza swali hili kwa utulivu na bila kutishia, kwa sababu ukifoka hutaambiwa ukweli tena. Ukipata jibu la ndiyo, andika tarehe na kiasi kilichowekwa, kisha kihesabu kipande hicho kama mbinu nyingine. Msimu ujao kipande cha kulinganishia kipewe kile ambacho mkulima hukifanya kweli kila mwaka, kiwe kidogo, na familia ihakikishiwe fidia ya debe litakalopungua.

Kinachofuata ni kipimo. Tani 5 za samadi kwa hekta ni nusu kilo kwa kila mita ya mraba, hivyo kipande chetu cha mita za mraba 22.5 kinahitaji kilo 11 na robo. Wengi huweka ndoo moja na kuiita tani tano. Pima kwa mizani, ukikumbuka kwamba samadi iliyonyeshewa inaweza kuwa na maji mengi kuliko kinyesi. Halafu kagua ubora: tia konzi ya samadi kwenye chupa ya maji inayoonyesha ndani, itikise kwa nguvu, uiache itulie. Mchanga unashuka kwanza na kujipanga chini kama tabaka jeupe. Katika mazizi ya luseni nimewahi kuona tabaka hilo likifika katikati ya kile kilichotuama, maana yake mkulima alisomba mchanga kwa mkokoteni na kuurudisha shambani. Samadi ya namna hiyo iongezwe kiasi, au zizi litandikwe mabua yatakayonyonya mkojo.

Muda nao hudanganya. Mboji huachia virutubisho polepole, na faida ya kunde, choroko au marejea huonekana zaidi kwenye zao linalofuata. Jaribio la mzunguko wa mazao linalofungwa baada ya msimu mmoja limekatwa kabla ya kusema. Kwa mikunde, ng'oa mimea mitano wakati wa maua, ioshe mizizi, upasue vifundo kwa ukucha: vyenye rangi ya pinki au nyekundu ndani vinafanya kazi, vya kijani au kijivu havifanyi. Soya isiyopata bakteria wake wakati wa kupanda mara nyingi haitoi vifundo vya maana, ilhali kunde na choroko kwa kawaida huwapata wenyeji wa udongo.

Angalia pia kama kuna kizuizi kingine kinachoishinda mbinu yako. Katika Kanda ya Ziwa kizuizi hicho mara nyingi ni kiduha, lile gugu la maua ya zambarau au pinki linalojishikiza kwenye mizizi ya mahindi na mtama. Kinaanza kunyonya kikiwa bado ardhini, kwa hiyo mahindi hudumaa na kujikunja kama yamekosa maji ilhali udongo una unyevu. Mmea mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu zinazoweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi. Hesabu vichwa vya kiduha katika kila kipande, ving'oe kabla ya kutoa maua, na uvichome nje ya shamba. Mbinu ya sukuma-vuta, iliyoendelezwa na icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, pale Mbita upande wa Kenya wa ziwa hilihili, hutumia desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde unaotambaa, kati ya mistari ya mahindi kukandamiza kiduha na kufukuza vipekecha shina, huku majani ya tembo pembezoni yakiwavuta nondo wa vipekecha hao. Ukitaka kuijaribu, ipe vipande vikubwa vilivyoachana, kwa sababu harufu ya desmodiamu haiheshimu njia ya mita moja.

Chanzo cha mwisho ni uchache wa marudio, na hiki nakieleza kwa sarafu. Tuseme samadi haina faida yoyote. Katika kila kundi, nani atashinda ni bahati tupu, kama kurusha shilingi. Ukiwa na makundi matatu na samadi ikashinda yote, bahati peke yake ingeweza kufanya hivyo mara 1 katika kila 8, jambo la kawaida kabisa. Ukiwa na makundi sita na samadi ikashinda yote, bahati ingefanya hivyo mara 1 katika 64, na hapo una haki ya kusema kitu. Ikishinda matano au zaidi kati ya sita, ni mara 7 katika 64, yaani takriban moja katika tisa. Inatia moyo, bado haijatosha. Ndiyo maana huwashauri wakulima sita wenye udongo unaofanana waweke kila mmoja kundi moja la vipande viwili, kuliko mkulima mmoja kubeba mzigo wote. Sharti ni kwamba makundi yote yahesabiwe, pamoja na lile lililokuudhi.

Dalili ya tatu: mimea imekuwa ya njano au imeungua palipowekwa mboji

Ingiza mkono ndani ya lundo lililobaki. Likiwa na joto, au likitoa harufu kali ya amonia inayochoma pua, mboji haijaiva na miche imeunguzwa. Kwa uhakika zaidi, lowesha konzi ya mboji, ifunge kwenye mfuko wa plastiki kwa siku tatu, kisha ufungue: iliyoiva hunukia udongo baada ya mvua, isiyoiva hunuka uvundo. Miche iliyokwisha kuungua haiponi, bali nafasi zilizo wazi zinaweza kurudishiwa mbegu ndani ya wiki moja katika vipande vyote vya kundi hilo.

Mboji ikiwa baridi na haina harufu, chunguza ilitengenezwa kwa nini. Pumba za mpunga, maranda na mabua makavu yana kaboni nyingi, na vijidudu vinavyoviozesha huchukua nitrojeni kutoka udongoni kabla ya mahindi. Dalili yake ni majani ya chini kuanza kugeuka njano kwenye ncha na kushuka kando ya mshipa wa kati kama herufi V. Usichimbie zaidi. Mabua yaache juu kama matandazo, na uongeze samadi ya kuku iliyooza vizuri kando ya mimea, ukiiandika kwenye daftari kama badiliko la mbinu.

Rangi ya zambarau kwenye majani machanga ya mahindi huashiria upungufu wa fosfora, au mizizi iliyobanwa. Mimea iliyoanguka ikiwa na udongo mwembamba uliopakwa kwenye shina ni kazi ya mchwa, ambao hufuata matandazo na kiangazi kinapobana huhamia kwenye mmea. Sogeza matandazo sentimita 10 kutoka kwenye shina.

Kwa mihogo, usipoteze muda na mboji kabla ya kuangalia magonjwa. Batobato hukunja majani na kuyatia mabaka ya njano. Michirizi kahawia ni ya hatari zaidi kwa kuwa mmea unaweza kuonekana mzima huku kiazi kikiwa na uozo mkavu wa kahawia ndani; pasua viazi kadhaa kwa kisu kutoka kila kipande. Magonjwa haya husambazwa na nzi weupe na kwa vipando vyenye maambukizi, na hakuna mbolea inayoyatibu. Ukiyaona, simamisha ugawaji wa vipando kutoka kwenye jaribio, hata kama wenzako wa Ukerewe wamekwisha kulipa nauli ya kivuko kuja kuvichukua, na umwite afisa ugani kabla ya kung'oa.

Kama dalili hizi zote hazipo na maharage au mboga zinajikunja na kukakamaa, fikiria mabaki ya kiuagugu kwenye samadi au majani yaliyotoka nje ya shamba lako. Panda maharage matano kwenye kopo la mboji na matano kwenye kopo la udongo wa kawaida, uyafuatilie kwa wiki tatu. Yakijikunja kwenye mboji peke yake, lundo hilo lisitumike, na kama shamba linawania alama ya kilimo hai, mjulishe mkaguzi wako mwenyewe mapema.

Dalili ya nne: dawa ya asili haiui wadudu

Kwa viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa nchini mwaka 2017, kosa la kawaida ni kuchelewa. Kiwavi akishakuwa mkubwa na kujichimbia kwenye moyo wa mhindi, akiacha kinyesi kama unga wa mbao, mwarobaini haumfikii. Kagua mimea 20 ya katikati ya kila kipande mara mbili kwa wiki tangu mahindi yachipue, na nyunyiza jioni viwavi wangali wadogo, kwa kuwa kiini cha mwarobaini huharibiwa na jua. Tengeneza dawa ya siku hiyo. Ya wiki iliyopita ni maji machungu tu. Kagua na pampu: iliyowahi kubeba kiuatilifu cha dukani huacha mabaki, na hapo hujui nini kimeua nini. Nunua au tenga pampu ya jaribio peke yake.

Tahadhari zifuatazo zisipuuzwe. Maji ya tumbaku yana nikotini, ambayo ni sumu kali inayopenya ngozi, na kuyaita ya asili hakuyafanyi kuwa salama. Utupa, mmea ambao wavuvi wa zamani waliutumia kulevya samaki, huua samaki kweli; usiutumie karibu na ziwa, mto au bwawa, wala usioshee pampu majini. Mtu akitokwa jasho na mate kwa wingi, akatapika, akatetemeka au akapumua kwa shida baada ya kunyunyiza, mvue nguo, mwoshe kwa maji na sabuni, umpeleke hospitali mara moja pamoja na chombo cha dawa. Wadudu au ugonjwa usiofahamika na wazee wala bwana shamba uripotiwe kupitia halmashauri ili ufike kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Dalili ya tano: namba hazieleweki

Kikundi kimoja kilipima kwa debe la kufuta, kingine kwa debe la kilele, cha tatu kwa gunia la lumbesa. Namba hizo haziwezi kukaa kwenye jedwali moja. Pima kwa kilo, kwa mizani moja kwa vipande vyote. Mizani ya kuning'iniza ikaguliwe kwa dumu lenye lita 10 za maji: toa uzito wa dumu tupu, na kinachobaki kisomeke kilo 10.

Unyevu ndio mwizi wa pili. Mahindi yaliyovunwa mapema yana maji, na maji yana uzito. Bila kipima unyevu, tia punje na chumvi iliyokaushwa vizuri kwenye chupa kavu, tikisa dakika chache: chumvi ikishikamana na kuta za chupa, punje bado zina unyevu zaidi ya asilimia 15 hivi, zianikwe. Mwenye kipimo azidishe uzito kwa 100 kutoa unyevu uliosomeka, kisha agawanye kwa 87 ili kupata uzito wa unyevu wa asilimia 13. Mfano: kilo 3 zenye unyevu wa asilimia 20 ni 3 mara 80, gawanya kwa 87, yaani kilo 2.76. Kwa eneo la mita za mraba 12, hizo ni takriban kilo 2,300 kwa hekta, au kilo 930 kwa ekari.

Uzito ukiwa mdogo bila sababu, hesabu mashina yasiyo na gunzi. Watoto huchuma mahindi ya kuchoma, wapita njia pia, na ng'ombe hawajui kura ya kofia. Andika idadi ya mashina yaliyopotea kabla ya kuvuna. Kipande kilichopoteza zaidi ya robo ya mashina nakiondoa pamoja na kundi lake lote, kwa sababu kubaki na upande mmoja ni kupendelea.

Dalili ya sita: bustani ya ufukweni haifuati mpango

Majaribio ya mboga kando ya ziwa huharibiwa na mambo ambayo matandazo hayawezi kuyajibu. Maji ya ziwa yalifikia kiwango cha rekodi mwaka 2020 na kumeza bustani nyingi, viboko hupita usiku, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kabla ya kulaumu mbinu, pima umbali huo, kisha hamisha jaribio. Anayechota maji ya kumwagilia kwa kuingia ziwani hadi magotini anajitia kwenye kichocho. Vaa buti, na mwenye damu kwenye mkojo au kinyesi aende zahanati. Palipoonekana njia ya kiboko, hakuna kumwagilia alfajiri wala jioni, na taarifa ipelekwe kwa maofisa wanyamapori.

Ukimwita mtaalamu kwa dalili yoyote kati ya hizi, mkute shambani ukiwa na ramani ya vipande yenye matokeo ya kura, daftari la tarehe za kupanda, kupalilia na kunyunyiza, kumbukumbu za mvua, na mimea miwili iliyong'olewa na mizizi yake: mmoja mgonjwa, mwingine mzima kutoka kundi hilohilo. Kwa kupima mvua inatosha kopo lenye kuta zilizonyooka, lililowekwa mahali pa wazi na kusomwa kwa rula kila asubuhi saa tatu. Vigingi usiving'oe kabla hajafika.